Boksi la Gemu ya Zamani Limefika Nyumbani: Mama, Anza na Vilivyomo Ndani

SEHEMU YA 1: NESI NA GEMU WAPI NA WAPI?

 

Tangu niweke ile picha ya mashine ya gemu ya kaseti juu ya meza yetu ya sebuleni, inboksi imejaa. Karibu wote mnauliza kitu kimoja: "Nesi, haiharibu macho ya mtoto?" Macho nitayafikia, msijali. Ila mimi nashika zamu wodi ya watoto, na nikisikia gemu ya zamani imeingia kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, wasiwasi wangu wa kwanza hauendi kwenye skrini. Unaenda kwenye boksi. Nimetaka kujua ndani ya boksi kulikuwa na nini, na hivyo vitu sasa hivi viko wapi.

Yetu imetoka kwa shemeji yangu anayeishi Marekani. Ni Nintendo, ile ya kijivu inayoitwa NES. Imekuja na boksi lake, padi mbili, bunduki moja, adapta, na kaseti nne, tatu kati yake zikiwa bado na maboksi na vijitabu. Baba watoto alipofungua mzigo alikaa chini kabisa, sakafuni, mtu mzima na ndevu zake.

Kwa mliozaliwa juzi: mashine hii ilianza kuuzwa Japani mwaka 1983 ikiitwa Famicom, na mwaka 1985 ikaingia Marekani kwa jina la NES. Huku kwetu wengi hatukuiona hiyo yenyewe. Tulikutana na nakala zake, zile mashine zisizo na jina la kueleweka, zinakuja na kaseti iliyoandikwa gemu 9999999, kumbe ni zilezile chache zinajirudia mpaka unachoka. Mtaani mwenye tivii alikuwa mfalme, mnalipa mnacheza kwa zamu. Baba watoto anasema alikuwa anatoka shule kwa miguu ili nauli ikalipie gemu. Kwa hiyo ninapoongelea boksi hili siongelei takataka. Kwa mwenzangu ni utoto wake alioukosa, umekuja na miaka thelathini ya kuchelewa.

Lakini nyumbani kuna watoto wawili. Mkubwa ana miaka tisa. Mdogo ana mwaka na miezi mitano, na kila kitu duniani anakisalimia kwa mdomo. Huyu ndiye aliyenifanya niandike.

SEHEMU YA 2: BOKSI LENYEWE, NA UGOMVI MDOGO

Wanaokusanya gemu za zamani wanajua kwamba kaseti yenye boksi lake na kijitabu chake ina thamani kubwa kuliko kaseti tupu. Hapo ndipo tulipotofautiana kidogo. Mimi nilitaka makaratasi yote yatoke ndani. Yeye alitaka maboksi yapangwe kwenye rafu ya tivii, yaonekane.

Nikaomba kwanza tuyafungue yote, moja moja, kama tunavyokagua trei ya dharura wodini mwanzo wa zamu. Haya ndiyo tuliyoyakuta, na ukipata mzigo kama huu utayakuta pia:

Ndani ya boksi la kila kaseti kuna mfuko mgumu mweusi wa plastiki wa kuzuia vumbi, kijitabu, na chini kabisa kipande cha povu jeupe gumu kinachoshikilia kaseti isicheze. Hilo povu limezeeka. Ukiliminya linakatika vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mtoto wa umri wa wangu hana magego ya kutafuna kitu kama hicho, na povu halionekani vizuri kwenye picha ya X-ray. Likienda njia ya hewa, daktari anatafuta gizani.

Kwenye boksi kubwa la mashine kulikuwa na mifuko ya nailoni, mmoja unaingia kichwa cha mtoto bila shida. Kulikuwa na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu. Chembechembe zenyewe kwa kawaida hazina sumu kali, ila kifuko kinakaba. Kulikuwa na waya zilizofungwa kwa vile viwaya laini vya kupinda.

Mifuko ya nailoni na vile vifuko vilikwenda jalalani siku ileile, baba watoto hakubisha, maana vilikuwa vya aliyefunga mzigo, si vya Nintendo. Povu tukaliacha ndani ya maboksi yake. Sasa maboksi yakae wapi? Hapa nikagundua jambo lililomaliza ugomvi: mkusanyaji wa gemu na nesi wanataka kitu kilekile. Yeye anataka kila kitu kirudi mahali pake, boksi lifungwe, likae juu, pakavu, mbali na mikono ya watoto. Mimi nataka hivyohivyo, kwa sababu nyingine tu. Maboksi yakaenda juu ya kabati la nguo, na amri ikawa moja: hakuna kitu kinacholala nje ya boksi.

Mama, usikubali boksi litupwe halafu vitu vyake vibaki vinazagaa kwenye droo. Nyumba yenye mtoto mdogo inahitaji vitu viwe na kwao.

SEHEMU YA 3: ADAPTA, KABLA HUJACHOMEKA

Hapa nawaomba kina baba msome taratibu.

Geuza adapta uangalie maandishi yake. Ya kwetu imeandikwa inapokea umeme wa volti 120. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani inapokea volti 100. Umeme wa ukutani kwetu Tanzania ni volti 230. Ukichukua adapta ya Marekani, ukaipachika kwenye ile plagi ya kubadilishia miguu, miguu itaingia ukutani vizuri kabisa, ila umeme utakuwa karibu mara mbili ya unaotakiwa. Plagi ya kubadilishia miguu haibadilishi umeme. Matokeo ni joto, harufu, moshi, na pengine moto kwenye ekstensheni iliyo nyuma ya kochi ambako hakuna anayeangalia.

Tena kuna mtego mwingine. Adapta ya mashine ya Marekani inatoa umeme wa AC wa volti 9. Ile Famicom ya Kijapani inataka DC. Ukichanganya adapta, unaweza kuua mashine uliyoitafuta miaka thelathini.

Sisi tulimpelekea fundi umeme, akatupatia transfoma ya kushusha kutoka 230 kwenda 120. Ni nzito kama tofali. Imekaa nyuma ya meza, mtoto hafiki, na inazimwa ukutani gemu ikiisha.

Waya za padi nazo zihesabu. Waya iliyotandazwa sakafuni kwa mtoto anayejifunza kutembea ni kamba ya kujikwaa, na ikizunguka shingo ni kitanzi. Ikiisha zamu ya kucheza, padi zinachomolewa, zinakunjwa, zinarudi kwenye boksi.

SEHEMU YA 4: BUNDUKI NA TIVII YA CHOGO

Mkubwa wangu alipoona bunduki alifurahi kupita kiasi. Ni ile ya gemu ya kupiga bata, wengi mnaikumbuka. Zilizotoka mwanzo zilikuwa za kijivu. Miaka ya mwisho ya 1980 Nintendo wakazibadilisha rangi zikawa za chungwa, wakati Marekani ilipoweka sheria kwamba bunduki za kuchezea zisifanane na za kweli. Yetu ni ya chungwa.

Wakaunganisha kwenye tivii yetu bapa. Wakapiga, wakapiga, bata hafi. Mtoto akasema bunduki imeharibika. Haijaharibika. Bunduki ile haitoi kitu chochote, yenyewe inapokea. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo sana, halafu pale alipo bata panakuwa na mraba mweupe. Kijicho kilicho ndani ya mtutu kikiuona ule mweupe kwa wakati wake, umepata. Ilitengenezwa kwa namna tivii za chogo zinavyochora picha. Tivii bapa inachelewa, bunduki haioni kitu.

Basi baba watoto akaanza kutafuta tivii ya chogo kwa mafundi. Hapo nesi akaamka tena.

Mama zangu, tivii ya chogo uzito wake wote uko mbele, kwenye kioo. Mtoto akivuta droo ya chini akaifanya ngazi, tivii inamjia kichwani. Wodini tunawapokea watoto walioangukiwa na vitu vizito vya nyumbani, na kichwa cha mtoto wa miaka miwili hakina uwezo wa kushindana na kilo ishirini na kitu. Nikatoa masharti matatu. Tivii iwekwe kwenye meza fupi na pana, siyo juu ya droo. Ifungwe ukutani kwa mkanda. Na ikiharibika asiifungue mwenyewe, maana ndani inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Amekubali, ila tivii yenyewe bado anaitafuta. Tuombe asiipate haraka.

SEHEMU YA 5: KASETI YENYE BETRI (HII USIIRUKE)

Miaka michache iliyopita, kwenye kituo nilichokuwa nafanya kazi wakati huo, nilimpokea usiku mtoto wa miaka miwili. Nyumbani walisema kameza sarafu tangu mchana. Walimpa ugali, wakampa ndizi, ili isukumwe chini. Mtoto alikuwa anatoa mate mfululizo, hataki kumeza hata maji. Tukampiga picha. Sarafu kwenye X-ray ina ukingo mmoja. Kile tulichokiona kilikuwa na kingo mbili, duara ndani ya duara. Ilikuwa betri, ya rimoti ndogo.

Tukampa rufaa usiku uleule, ikatolewa kwa kamera ya kupitisha kooni. Mtoto aliishi. Lakini alikula kwa mpira kwa wiki nyingi, kwa sababu umio wake ulikuwa umeungua.

Watu wanadhani betri inadhuru ikipasuka ikavuja. Hapana. Ikikwama kooni, mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unaanza kupita, na pale inapogusa nyama panatengenezwa kemikali ileile tunayoiita kostiki, ya kutengenezea sabuni. Wewe mwenyewe usingethubutu kuishika kostiki kwa mkono mtupu. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Na betri iliyokwisha, isiyowasha tena kitu, bado inabakiza nguvu ya kutosha kuunguza.

Sasa gemu inaingiaje? Kaseti nyingi za zamani hazina betri. Lakini gemu ndefu, za kuhifadhi ulipofikia ili kesho uendelee, nyingi zina betri ndani. Mfano ni The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987. Ile kaseti ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na boksi lake lilikatwa kidirisha ili mnunuzi aione dhahabu kabla hajafungua. Ndani yake kuna betri bapa ya CR2032, yaani upana milimita 20, volti 3. Huo ndio ukubwa tunaouogopa zaidi kwa watoto wadogo, maana unakwama kwenye umio.

Utajuaje kama kaseti yako inayo? Fungua kijitabu. Kikisema ushikilie kitufe cha RESET wakati wa kuzima mashine ili usipoteze ulipofikia, ujue ndani kuna betri. Ndiyo maana nasema kijitabu usikitupe.

Nisiwatie hofu bure: ikiwa kaseti imefungwa, betri imelehemewa ndani na ganda linashikwa na skrubu za aina yake ambazo bisibisi ya kawaida haizifungui. Mtoto haifikii. Hatari inaanza siku mtu mzima anapotaka kuibadilisha. Na zote zimezeeka, kwa hiyo siku hiyo itafika.

Kwetu ilifika Jumamosi moja. Zelda ilikuwa haihifadhi tena. Baba watoto akanunua kadi ya betri mpya, akaagiza na bisibisi yake maalumu, akakaa mezani na kijitabu chake. Mimi nilikuwa jikoni.

"Baba, hiyo kadi ilikuwa na betri ngapi?"

"Tano."

"Naomba uzihesabu."

"Mama naye! Si hizi hapa?"

"Hesabu tu, baba."

Akahesabu. Nne. Tukasimama wote wawili. Ya tano tuliikuta chini ya kijitabu, ukingoni kabisa mwa meza, na mdogo alikuwa ameshika mguu wa meza ileile anajivuta kusimama.

Hakuna aliyesema kitu. Akazikusanya zote, akazifungia kwenye kopo, akampelekea fundi afanye kazi ile dukani kwake. Alirudi na betri ya zamani imezungushiwa gundi ya karatasi pande zote mbili, bila mimi kumkumbusha.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Kaseti haifunguliwi kwenye nyumba ambayo mtoto mdogo yuko macho. Bora kwa fundi.
2. Betri zinahesabiwa kabla na baada, kama tunavyohesabu sindano.
3. Betri ya zamani inafungwa kwa gundi ya karatasi pande zote, inatoka ndani ya nyumba siku hiyohiyo.

Na ukishuku tu kwamba mtoto kameza betri, hata kama anacheka na kucheza, nenda hospitali yenye X-ray sasa hivi. Usimtapishe. Usimpe ugali, ndizi wala maziwa. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anameza vizuri, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali inapunguza makali tu, haiponyi. Usichelewe safari kwa kuitafuta. Mwenye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa. Betri ikiingia puani au sikioni, nayo ni dharura, usimwagie matone ya dawa wala maji.

Siku hizi wenye viwanda wamejifunza. Kaseti ndogo za Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, zimepakwa kitu kichungu makusudi ili mtoto akiitia mdomoni aiteme. Vitu vya miaka ya 1980 havina uchungu huo. Uchungu inabidi uwe wewe mama.

SEHEMU YA 6: SASA MACHO, VIDOLE NA KIFAFA

Macho: kukaa mbele ya skrini muda mrefu kunachosha macho, yanakauka kwa sababu mtoto anasahau kupepesa. Akae mbali, taa iwake, na atoke nje acheze mchana. Kucheza nje kwenye mwanga wa mchana kunasaidia kupunguza uwezekano wa kutoona mbali.

Vidole: hii ni ya kina mama. Mwaka 1990 daktari mmoja wa Marekani aliandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine kuhusu mwanamke wa miaka 35, umri wa wengi wetu humu, aliyepata maumivu makali ya kidole gumba baada ya kucheza Nintendo saa tano mfululizo. Na mwaka 2000, Nintendo walikubali kutoa glavu kwa familia za Marekani kwa sababu gemu moja ya Nintendo 64, Mario Party, ilikuwa inawachubua watoto viganja kwa kuzungusha kijiti cha padi. Yaani glavu ikawa kifaa cha gemu! Mtoto akilalamika mkono, msikilize. Mpumzishe.

Kifafa: vijitabu vya gemu, hasa kuanzia miaka ya 1990, vina onyo kwamba mwanga unaowaka na kuzima haraka unaweza kuamsha degedege kwa watu wachache wenye kifafa cha aina hiyo. Wanashauri pia kupumzika dakika 10 hadi 15 kila baada ya saa moja. Kama mtoto wako ana kifafa, muulize daktari wake kabla. Mtoto akianguka mbele ya tivii: zima, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa. Ikifika dakika tano hajatulia, hospitali. Na tafadhali, si mashetani ya gemu.

SEHEMU YA 7: UTARATIBU WA NYUMBA YETU

Baba na mkubwa wanacheza Jumamosi na Jumapili, mdogo akiwa amelala. Boksi linashushwa na mtu mzima. Mkubwa ndiye mwenye kazi ya kuhesabu wakati wa kurudisha, anasoma kwa sauti: mashine moja, padi mbili, bunduki moja, adapta moja, kaseti nne. Ameipenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Kikikosekana kitu, hakuna anayelala.

Sijawaandikia ili mkawanyang'anye waume zenu gemu zao. Mwanaume aliyekuwa anatembea kwa miguu ili acheze dakika chache, mwache acheze na mwanawe. Wewe simamia tu boksi.

Ukimaliza kusoma, fanya kitu kimoja leo: zunguka nyumbani, tafuta kila kitu chenye betri bapa. Rimoti, mzani, saa, kadi inayoimba, kaseti. Angalia kama vifuniko vimekaza. Halafu mtumie hii dada yako mwenye mtoto anayetambaa.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Muwe na usiku mwema.